Simu inajizima na kujiwasha yenyewe, ukiiflashi inagoma: soma logi kabla hujafuta kitu

Swali la msomaji:

"Habari mtaalamu. Nina iPhone 11, ilianza kujizima na kujiwasha yenyewe, mwanzo ilikuwa mara moja moja, sasa hivi haikai hata dakika tano. Nikaambiwa ni sofwea, niiflashi kwa kompyuta. Ikaenda vizuri ilipokaribia kuisha ikaleta kosa 4013. Nikarudia rudia mpaka ikakubali, nikarudisha bakapu ya iCloud, ikatulia siku mbili ikaanza tena, na aplikesheni nyingi zimebaki za kijivu hazifunguki. Ingine sijui kama inahusu, kabla ya haya yote nilibadilishiwa sehemu ya kuchajia. Je, simu ndo imekufa? Na mdogo wangu ana Android, nayo inaishia kwenye nembo inarudi mwanzo, naomba utujibu wote."

Jibu:

Pole sana dada. Nianze na hapo uliposema "sijui kama inahusu". Inahusu tena sana, na ningekuwa na simu yako mkononi hapo ndo ningeanzia, kabla ya kompyuta na kabla ya bakapu. Kwa maelezo yako sioni simu iliyokufa, naona simu ambayo kuna kipande bodi haikisomi vizuri, na kipande chenyewe nakishuku ni hicho hicho cha kuchajia ulichobadilishiwa. Siwezi kuapa bila kuona logi, ila nitakuelekeza uione mwenyewe, haihitaji fundi wala kifaa chochote.

Kwanza kabisa naomba usiiflashi tena. Najua simu ikianza kuzingua kila mtu anakwambia flashi, riseti, flashi, riseti, kama vile ndo dawa ya kila ugonjwa. Kuflashi, yaani kuiwekea simu mfumo wake upya kwa kompyuta, kunatibu sofwea tu. Kama shida ni fleksi (ule utepe mwembamba wa nyaya unaounganisha kipande na bodi), betri au kiunganishi kilicholegea, utaflashi mpaka uchoke na itarudi pale pale. Na kibaya zaidi kila ukiiflashi unafuta vitu viwili ambavyo hukutaka kuvipoteza: data ambazo hazikuingia kwenye bakapu, na logi, yaani yale maelezo ambayo simu inajiandikia kila inapozima ghafla ikieleza imezima kwa sababu gani. Ukishafuta hizo logi hata fundi mzuri anaanza kubahatisha.

Sasa chukua saa upime. "Haikai hata dakika tano" haitoshi, nataka kujua ni ngapi. Iwashe, ikishaingia ndani iache mezani usiiguse, hesabu mpaka izime. Rudia tena ukiwa unaitumia. Kama inazima kwenye dakika tatu hivi, na ni hivyo hivyo iwe unaitumia au imelala, basi achana kabisa na habari za virusi na aplikesheni mbovu, maana aplikesheni haiwezi kuwa na ratiba hivyo.

Hizo dakika tatu zina maana yake. Ndani ya iOS, yaani mfumo wa iPhone, kuna kiprogramu kinaitwa thermalmonitord, kazi yake ni kufuatilia joto la simu kupitia sensa zilizotawanyika humo ndani, kwenye betri, kwenye fleksi ya kuchajia, kwenye fleksi ya batani ya pembeni na kwingineko. Na kuna kiprogramu kingine cha ulinzi ambacho kinasubiri thermalmonitord itoe taarifa kwamba nipo naendelea na kazi. Sensa moja ikikosekana, thermalmonitord inakwama, haitoi taarifa, yule mlinzi anasubiri sekunde 180, akiona kimya anaipiga simu chini iwake upya. Ikiwaka sensa bado haipo, zinahesabiwa sekunde 180 zingine, inazima tena, na itaendelea hivyo hata ukiiflashi mara mia kwa sababu iOS mpya nayo inaitafuta sensa ile ile na haiioni. Yaani simu yenyewe haijachanganyikiwa, inakataa tu kufanya kazi bila kujua ina joto kiasi gani.

Kuiona logi: simu ikiwaka tu usipoteze muda, ingia Settings, Privacy & Security, kisha Analytics & Improvements, kisha Analytics Data. Utakuta orodha ndefu ya mafaili, zikiwemo JetsamEvent kibao, hizo zisikutishe, zinahusu simu kuzifunga aplikesheni pale memori ya kufanyia kazi inapobana na hata simu nzima kabisa inazo. Wewe tafuta zinazoanza na neno panic-full halafu tarehe. Fungua ya karibuni kabisa. Itaonekana kama takataka ya herufi, usijali, soma mistari ya juu tu. Kama nimewaza sawa utakuta panasema no successful checkins from thermalmonitord, na karibu na hapo pameandikwa Missing sensor(s) halafu majina mafupi mafupi. Piga picha ya skrini hapo hapo, au piga kwa simu nyingine kama muda unakubana.

Hayo majina ndo jibu lenyewe. Kwa iPhone nyingi za kizazi hicho, ukikuta mic1 au prs0, au zote mbili, angalia fleksi ya chini ya kuchajia, kwa sababu mic1 ni maiki ya chini na prs0 ni sensa ya mgandamizo wa hewa na zote zinapitia kwenye hiyo fleksi. Ukikuta mic2 mara nyingi ni fleksi ya batani ya kuwashia. Ukikuta TG0B ni mawasiliano na betri. Sasa wewe umebadilishiwa sehemu ya kuchajia, na fleksi nyingi za kuiga zinachaji vizuri kabisa ila sensa zake ni mbovu au hazipo, kwa hiyo ukiichomeka chaja unaona chaji inaingia unamshukuru fundi unaondoka, simu inaanza vituko ukiwa umeshafika nyumbani. Au fleksi ni nzima ila kiunganishi chake hakikukaa sawa kwenye bodi, kimeshika upande mmoja. Hii ya pili ndo naiona inafanana zaidi na yako, maana ulianza na mara moja moja na katikati ikatulia siku mbili, kitu kilicholegea ndo kinafanya hivyo, leo kimegusa kesho hakijagusa. Sensa ambayo haipo kabisa isingekupa hata hizo siku mbili.

Habari njema ni kwamba kama ni kiunganishi, kazi nzima inaweza kuwa kufungua simu, kuchomoa, kusafisha kwa alkoholi na kubana upya, basi. Ila mwambie fundi awe makini na skrubu, iPhone ina skrubu za urefu tofauti tofauti na ile ndefu ukiilazimisha kwenye tundu la fupi inaweza kukata njia za ndani ya bodi, hapo unakuwa umetoka kwenye tatizo dogo umeingia kwenye kesi nyingine. Na kama fleksi ni ya kuiga mwambie akujaribishie iliyotolewa kwenye simu halisi, hata kwa kuichomeka juu juu tu bila kufunga, waiache iwake ipite dakika kumi. Ikipita bila kuzima mmeshajua.

Halafu sisitiza hili: hiyo kazi haihitaji kufuta simu. Fundi akikwambia lazima airiseti ndo abadilishe fleksi, muulize kwa nini, na asipokuwa na sababu ya kueleweka chukua simu yako.

Tuje kwenye 4013. Hiyo namba pamoja na 9 na 4014 ni za ukoo mmoja, zote zinasema kompyuta ilikuwa inaongea na simu katikati ya kazi mawasiliano yakakatika. Yanaweza kukatika kwa sababu ya kebo mbovu, tundu la kompyuta, kihabu cha USB (kile kifaa cha kuongeza matundu), au simu yenyewe. Na fikiria hizo data kutoka kwenye kompyuta zinaingia kwenye simu kwa kupitia wapi? Fleksi ile ile ya kuchajia. Ndo maana mambo yako mawili ambayo yanaonekana tofauti, kuzima na kugoma kuflashika, mimi nayaona ni jambo moja.

Siku ukilazimika kuiflashi kweli, mfano ukiwa umeshatengeneza fleksi na bado kuna shida, fanya hivi. Tumia kebo halisi au ya kuaminika, chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta bila kihabu, badili tundu kama la kwanza linasumbua, na kama inawezekana badili kompyuta kabisa. Kwenye Mac ya kuanzia mfumo wa Catalina wa 2019 unatumia Finder, kwenye Windows unatumia iTunes au programu ya Apple Devices, hakikisha ni toleo la karibuni. Kwa iPhone 8 kuja juu, yako ikiwemo, bonyeza batani ya kuongeza sauti uachie, bonyeza ya kupunguza uachie, halafu shikilia ya pembeni usiachie. Itakuja nembo ya tufaha, usiachie, hapo ndo wengi wanakosea wanaachia mapema simu inawaka kawaida wanasema haikubali, wewe shikilia mpaka uone picha ya kebo na kompyuta.

Kompyuta itakuuliza Update au Restore. Chagua Update. Update inaweka iOS upya bila kugusa vitu vyako, Restore inafuta kila kitu. Sielewi kwa nini watu wanaharakia Restore wakati Update ipo hapo hapo pembeni. Ikigoma Update ndo ufikirie hiyo nyingine, na uwe unajua unapoteza nini. Na kuna mtego hapa: faili la iOS ni kubwa, likichukua zaidi ya dakika 15 kushuka simu inatoka yenyewe kwenye hiyo hali ya kusubiri, unadhani imegoma kumbe intaneti tu ndo ndogo. Acha faili lishuke mpaka liishe ndo uirudishe simu kwenye hali ile kwa batani zile zile, kompyuta itatumia faili ambalo imeshalishusha.

Ukikwama sehemu ile ile kila mara, kwa kebo tofauti na kompyuta tofauti, acha. Hapo sofwea imeshakwambia haina makosa.

Sasa bakapu na hizo aplikesheni za kijivu. Hili linawachanganya wengi. Bakapu ya iCloud haibebi aplikesheni zenyewe, inabeba data zake na orodha ya zilizokuwepo, zenyewe zinashushwa upya kutoka App Store moja moja. Kwa hiyo kijivu maana yake simu inajua hapa palikuwa na kitu ila bado haijakishusha. Inahitaji wai-fai, inahitaji uwe umeingia kwenye akaunti ya Apple ile ile uliyozinunulia, inahitaji nafasi, na inahitaji muda, na simu yako ndo hicho hicho kitu haina, inazima kila dakika chache katikati ya kushusha. Bakapu yako siyo mbovu kwa ninavyoona. Simu ikitulia, ichomeke chaji usiku kwenye wai-fai, asubuhi utakuta zimeisha. Zikibaki mbili tatu, bonyeza moja uone kama inaanza kushuka, isiposhuka ifute uishushe mwenyewe kutoka App Store, japo ukiifuta na data zake za kwenye simu zinaondoka kwa hiyo angalia ni ipi.

Ila hapo ulipoiflashi ikakubali ukarudisha bakapu papo hapo, ulipoteza nafasi nzuri ya kujua ukweli. Mtu akishaflashi, aiache simu tupu kwanza, bila bakapu, bila aplikesheni yoyote ya kushusha, itumie hivyo hivyo siku nzima. Ikizima ikiwa tupu, hadwea. Ikikaa vizuri tupu halafu ikaanza vituko baada ya kurudisha bakapu, basi kilichomo kwenye bakapu ndo kinaleta shida na inabidi uanze upya kama simu mpya, uingize vitu kidogo kidogo. Ukichanganya vyote kwa mpigo hujui nani kasababisha.

Usisahau pia bakapu ya iOS mpya haiingii kwenye simu yenye iOS ya zamani, lazima simu uiapdeti kwanza. Na kama bakapu ya iCloud uliizima au uliacha kuitumia, Apple inaitunza siku 180 halafu inaondoka, kwa hiyo usijiaminishe kwamba ya miaka iliyopita bado ipo, ingia uangalie tarehe yake. Simu ikishatulia mimi ningekushauri ufanye na bakapu nyingine kwenye kompyuta, na uweke tiki kwenye kisanduku cha kuisimba kwa paswedi, maana ile isiyosimbwa haibebi paswedi zako wala data za afya. Paswedi yake iandike mahali, ukiisahau hiyo bakapu haifunguki kwa njia yoyote ile.

Kwa sasa hivi kabla hujaipeleka kwa fundi, na dakika zako tatu tatu hizo, bakapu nzima haitaisha. Hamishia kwenye kompyuta picha za muhimu kwa mafungu madogo, kila ikiwaka chukua fungu. Kama unatumia iCloud kwa picha nayo inaendelea pale ilipoishia, iache tu kwenye wai-fai na chaji iendelee kuzima na kuwaka huku inapandisha kidogo kidogo. Inachosha lakini inafanya kazi.

Je kama logi haisemi hivyo, au haizimi kwa ratiba? Basi angalia inazima ukiwa unafanya nini. Ikizima ukifungua kamera, ukiwasha gemu, ukiwa kwenye simu ya video, huku chaji inaonyesha 30 au 40, na ukiichomeka chaja inawaka ikionyesha asilimia tofauti na ile ya mwanzo, hiyo ni betri mia kwa mia. Betri ya lithiamu ikizeeka ukinzani wake wa ndani unapanda, kwa hiyo simu ikihitaji umeme mwingi kwa ghafla volti inashuka chini ya kiwango na simu inajizima kujilinda, na kwenye baridi inakuwa mbaya zaidi. Ndo ile kesi ya iOS 10.2.1 ya mwaka 2017, Apple ilipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka ili zisizime ghafla, watu walipogundua ikawa kelele dunia nzima, mpaka 2018 kwenye iOS 11.3 wakaweka ukurasa wa kuonyesha afya ya betri. Uangalie kwenye setingi za betri, ikiwa chini ya asilimia 80 badilisha tu, usihangaike na kuflashi. Na kama kioo kimeanza kunyanyuka pembeni, betri imevimba, izime, usiichaji, usiibonyeze kioo kirudi, ipeleke ikatolewe.

Ikizima ukifungua aplikesheni moja ile ile, futa hiyo aplikesheni. Sina zaidi hapo. Na kama nafasi imejaa kabisa, yaani umebaki na megabaiti chache, simu inaweza kukwama kwenye nembo na isiingie ndani, sababu mfumo unahitaji mahali pa kuandika mafaili yake wakati wa kuwaka. Hili kwa iPhone na Android ni moja, na ni gumu kutibu bila kupoteza vitu, kwa hiyo anza kupunguza video mapema.

Twende kwa mdogo wako, na hapa nitalazimika kwenda na makampuni tofauti maana hujataja aina ya simu.

Simu ya Android inayofika kwenye nembo ikarudi mwanzo, kitu cha kwanza kabisa ni kuangalia batani ya kuwashia. Ndiyo, batani. Ikishikwa na uchafu au ikibonyea ikabaki ndani, simu inaona kama kuna mtu ameishikilia, inajiwasha upya milele. Toa kava, bonyeza batani haraka haraka mara nyingi, sikiliza kama inadunda vizuri au imekufa ganzi. Toa na memori kadi pamoja na laini, jaribu kuwasha bila hivyo. Memori kadi hasa, kama aliwahi kuiunganisha iwe sehemu ya memori ya ndani, kitu ambacho Android iliruhusu kuanzia toleo la 6 mwaka 2015, kadi ikifa aplikesheni zilizohamishiwa huko zinakufa nayo.

Pili ni hali salama, ile inayowasha simu bila aplikesheni za kushusha. Kama simu inaingia ndani kidogo kabla ya kuzima, shikilia batani ya kuwashia, ikija alama ya kuzima ibonyeze kwa muda mrefu mpaka iulize kuhusu hali salama. Kama haiingii kabisa, simu nyingi ukishikilia batani ya kupunguza sauti wakati nembo inatokea inaingia huko. Ikitulia humo, mchawi ni aplikesheni, afute za karibuni mpaka ampate. Aanze na hizo zinazojiita za kusafisha simu na kuongeza kasi, mimi sijawahi kuona faida yake.

Kuna nyakati hata kosa siyo la mwenye simu. Machi 2021 Android nyingi duniani zilianza kufunga aplikesheni zenyewe, Gmail ikiwemo, kumbe ni apdeti mbovu ya WebView, kile kipande cha Android kinachofungulia kurasa za intaneti ndani ya aplikesheni, na waliokimbilia kuriseti walifuta vitu vyao bure wakati dawa ilikuwa kuondoa hiyo apdeti tu. Mwaka 2020 kulikuwa na picha ya mandhari, nzuri tu, ukiiweka kama picha ya ukuta kwenye baadhi ya simu za Android 10 simu inaingia kwenye kuzima na kuwaka kwa sababu ya namna rangi zake zilivyohifadhiwa. Kwa hiyo muulize mdogo wako alibadilisha nini mara ya mwisho, hata kama anaona ni upuuzi.

Tatu ni menyu ya rikava, ile unayoingia simu ikiwa imezimwa kwa kushikilia batani ya kuwashia na ya kuongeza sauti, kwa baadhi ya Samsung za karibuni lazima simu iwe imechomekwa kwenye kompyuta ndo inakubali. Humo kama kuna Wipe cache partition aichague, inafuta mafaili ya muda tu, haigusi picha wala meseji. Samsung wana na Repair apps, ajaribu hiyo pia. Asiguse kabisa Wipe data/factory reset kwa sasa, viko jirani na kidole kinateleza.

Ikifika mahali pa kuflashi Samsung, kuna jambo dogo linaokoa watu: kwenye mafaili ya sofwea kuna CSC na HOME_CSC. Ukiweka HOME_CSC vitu vinabaki, ukiweka CSC kila kitu kinaondoka. Fundi anayejua anajua, ila muulize tu usikie anajibu nini. Na sofwea iwe ya modeli ile ile kamili mpaka herufi ya mwisho.

Kabla ya kuriseti Android yoyote hakikisha anakumbuka akaunti ya Google iliyopo kwenye simu na paswedi yake. Tangu Android 5.1 ya 2015, simu ikirisetiwa kupitia rikava inaidai ile akaunti ya mwanzo, bila hiyo haifunguki, na iPhone nayo ina loki yake tangu iOS 7 ya 2013. Kila siku watu wanaleta simu nzima kabisa ambayo imefungwa na mwenyewe kwa sababu ya hili. Na bakapu ya Google, simu isipotumika siku 57 inaweza kufutwa, kwa hiyo simu isikae kabatini miezi ikisubiri fundi. WhatsApp ina bakapu yake tofauti, inataka namba ile ile na akaunti ya Google ile ile, na inaulizwa mwanzoni unapoiweka, akipita bila kukubali inabidi aiondoe aiweke upya ndo imuulize tena.

Dalili moja ya Android ambayo ikitokea usihangaike tena: mmeriseti, simu ikasema imemaliza, ikawaka, na vitu vyote vya zamani vipo. Picha zipo, aplikesheni zipo, hata picha ya ukuta ipo. Watu wanafurahi. Kumbe chipu ya memori imechoka, hizi chipu zina idadi ya mara za kuandikwa na kufutwa, zikiisha akiba yake zinajifunga zikawa za kusomeka tu. Kila unachofuta kinarudi, kila unachopiga kinapotea ukiizima. Hapo kama inaingia ndani, itoe data zote haraka uzitume kwenye kompyuta, maana bado inasomeka na hujui itasomeka mpaka lini, halafu suala linabaki kubadilisha chipu au kubadilisha simu.

Na kama ni simu iliyodondoka au iliyopitiwa na maji halafu ikaanza hivyo, au inazima ikipata joto na ikipoa inawaka, muwaze bodi. LG walikiri mwaka 2016 kwamba G4 zao zilizokuwa zinaingia kwenye kuzima na kuwaka zilikuwa na miguso iliyolegea kati ya vipande vya ndani. Hiyo ni kazi ya fundi wa bodi mwenye hadubini, siyo ya mtu wa kuflashi, na tafadhali msiiweke kwenye friji wala kuipasha moto kama mnavyoona kwenye video.

Wewe dada anza na saa na logi. Ukipata huo mstari wa Missing sensor(s) niandikie majina yaliyofuata, na uniambie kama fleksi uliyowekewa ilikuwa mpya ya kuiga au ilitoka kwenye simu nyingine. Kama faili la panic-full halipo kabisa nalo niambie, hapo tutahamia kwenye betri. Na mdogo wako aniandikie modeli ya simu na kitu cha mwisho alichoshusha au kubadilisha kabla haijaanza.